Nilivyoitafuta Bahari Usambara

Tangu nirudi Mombasa hamnipi nafasi ya kupumua. Zuhura anauliza habari za baridi, Mwanaisha anataka kujua kama ni kweli watu wa Ujamaa wanapika chungu kimoja kijiji kizima, na kaka yangu anauliza imekuwaje niondoke na viatu vipya nirudi na viatu visivyo na visigino. Nimechoka kusimulia nusu nusu. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache.

Mnajua nilikwenda kusoma ualimu kwa muhula mmoja, katika chuo kilicho nje kidogo ya mji wa Lushoto. Namna nilivyopata nafasi hiyo na makaratasi niliyojaza nayaacha, hayana utamu. Masomo nayo nayaacha. Nitasimulia safari zangu za Jumamosi na Jumapili, maana mimi si mtu wa kutulia, na pale chuoni nilizungukwa na milima pande zote. Nikiinua macho naona mlima, nikigeuka naona mwingine nyuma yake unanichungulia. Nguo hazikauki. Mboga haina nazi. Ukungu wa Juni unashuka mpaka mlangoni, unakaa hapo kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Siku moja nililia bafuni, nikaamua kwamba nikipata upenyo tu natoroka narudi nyumbani, liwalo na liwe.

Sikumwambia mtu, ila nililalamika kwa Naomi, Mshambaa wa Mlola tuliyelala naye chumba kimoja. Nilimwambia ningeiona bahari hata kwa mbali, ningepata usingizi. Naomi akashangaa. Akasema mbona bahari inaonekana huku huku milimani, kwa bibi yake, asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Tangu hapo sikukaa tena.

Kwanza Shume

Mpishi wa chuo alitusikia, akasema kwenda Mlola ni kujichosha. Bahari iko Shume, yeye mwenyewe ameiona alipokuwa akifanya kazi ya kupasua mbao huko. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Jumamosi asubuhi wanachuo wote tulikuwa na kazi ya shamba, na mwalimu wetu wa siasa hakuwa na mzaha katika jambo la jembe. Nililima matuta yangu ya kabichi kwa hasira, nikamaliza kabla ya wenzangu, nikaenda kusimama barabarani na kikapu. Likaja lori la mbao lililokuwa linarudi Shume tupu.

Kama una haraka, usipande lori la Usambara. Dereva wangu alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Akimwona mzee njiani anapunguza mwendo, anatoa kichwa nje, shikamoo, anangoja marahaba, kisha habari za nyumbani, za mgonjwa, za ng'ombe, za viazi. Mzee naye anajibu moja moja bila kuruka, halafu anaanza kuuliza zake. Tukiondoka, hatufiki mbali, mzee mwingine huyo. Nilimwuliza kama hawezi kupunga mkono tu akapita. Alinitazama kwa huruma akaniuliza kama kwetu Mombasa hakuna wazee.

Tulipoingia msitu wa misunobari springi ikakatika. Dereva hakukasirika hata kidogo, akawasha moto, akatoa viazi chini ya kiti akavichoma. Mimi niliyekuwa nimenuna ndiye niliyekula vingi. Jua likielekea kuzama, akapita mama mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe, akasema sitalala barabarani yeye yupo. Ila kabla ya kunipa hata maji, akasema lazima kwanza anipeleke kwa balozi. Nilishtuka. Kwetu balozi ni mtu wa gari lenye bendera, na mimi nilikuwa na matope mpaka magotini. Kumbe kwao ni jirani aliyechaguliwa kuangalia nyumba kumi, na mgeni yeyote anayelala lazima aonyeshwe kwake. Tulimkuta anakamua ng'ombe. Akaniuliza natoka wapi na nimefuata nini, nikasema nimekuja kutazama bahari. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukamua.

Kulipopambazuka mama yule alinishika mkono akanipeleka ukingoni, mahali mlima unapokatika ghafla. Chini kulikuwa kweupe, kumetanda, na vilele vya vilima vimetokeza kama visiwa. Akasema bahari ndiyo hiyo, na hakuwa anatania. Ulikuwa ukungu. Jua lilipopanda bahari yake ikaanza kuchanika, ikapaa, ikawa mawingu, na chini nikaona nyika ya Mkomazi imekauka hadi mwisho wa macho. Mama akanieleza kwa upole kwamba asubuhi bahari hujaa na mchana hutoka, hivyo ndivyo alivyoambiwa na mama yake. Na kwa kuwa bahari ya kweli nayo hujaa na kupwa, niliitikia kwa kichwa kama balozi wake. Nilirudi chuoni nimepanda juu ya magunia ya viazi, nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Njia ya Mlola

Naomi alinicheka wiki nzima. Akasema ya Shume ni ukungu, kila mtu anajua isipokuwa watu wa Shume. Ya kwa bibi yake ndiyo yenyewe, ni ya buluu na mchana haiondoki, tena aliyewaonyesha ni mjomba wake Hoza, aliyekwenda kuwa baharia. Baharia hawezi kukosea bahari. Jumamosi iliyofuata nikaondoka naye.

Safari hii tulipata basi, na basi lilikwenda vizuri mpaka tukakuta watu wamejipanga mstari barabarani wakipokezana mawe. Walikuwa wanajenga zahanati ya kijiji. Dereva akazima injini bila kuulizwa, abiria wote wakashuka, wakakunja mikono ya mashati, wakaingia katika mstari. Nilibaki kitini peke yangu nikingoja mtu aniambie tunaondoka lini. Naomi akarudi akanipigia dirisha. Akasema huku huwapiti watu wanaofanya kazi ukiwa umekaa, na dereva hataondoka mpaka kila mmoja awe ameshika jawe. Hapo ndipo visigino vilipobaki, kaka, kama bado unataka kujua. Kimoja kilizama matopeni, cha pili nilikivunja mwenyewe ili nitembee sawa.

Tulifika kwa bibi yake Naomi jioni. Tumwite Mama Hoza, maana hivyo ndivyo wote walivyomwita. Mwanamke mwembamba, mrefu, Mlutheri wa kusali kabla ya kila kikombe cha chai, macho yake makali. Nyumba yake ilikuwa peke yake juu ya kilima. Nilidhani ndivyo anavyopenda, mpaka nilipoona kando ya njia mashimo ya nguzo na mafiga yaliyopoa. Palikuwa na nyumba nyingine, sasa zimeondolewa. Naomi akanieleza kwamba serikali imetaka watu waliotawanyika vilimani wasogee pamoja barabarani, karibu na shule na hiyo zahanati tuliyoibebea mawe. Majirani wote wameshuka. Bibi amekataa.

Mama Hoza alikamata kuku kwa ajili yangu. Aliposikia mimi ni Mwislamu, akampa Naomi yule kuku ampeleke chini barabarani kwa mtu aitwaye Salehe akachinjiwe. Kwao kuku wa mgeni huchinjwa na Mwislamu siku zote, ili asitokee wa kukaa kando na njaa. Salehe akaja mwenyewe, kisu mkononi, akachinja, akanawa. Kumbe Salehe huyo ndiye balozi wa nyumba kumi, na ndiye aliyekuwa anahangaika kumhamisha. Tulikula wote ugali kwa kuku na maharage. Nilimaliza sahani yangu kuonyesha adabu, nikaongezwa. Nikamaliza, nikaongezwa tena. Naomi alikuwa anacheka kimya kimya, hakuniambia kwamba huku ukishiba unabakiza kidogo.

Nikiwa siwezi hata kuinama, Salehe akaweka jambo lake wazi. Alisema hana ugomvi na mama huyu, ndiye aliyembeba yeye Salehe mgongoni alipokuwa mtoto. Lakini wakati wa mvua ukuta wa jiko ulimwangukia akalala chini mpaka asubuhi, hakuna aliyesikia. Katika nyumba zake kumi tisa zimeshuka, mama huyu amebaki, na Jumatano baada ya Saba Saba lori la kijiji litakuja kubeba miti ya nyumba hii na mabati yake. Mama Hoza akamwacha amalize, kisha akanigeukia mimi.

"Nikishuka huko barabarani sitaiona bahari," alisema. "Hoza alisimama na mimi hapo nje mwaka wa Uhuru, akanyosha kidole kule. Akasema, mama, mimi nitakuwa pale. Kila asubuhi namsalimia. Unataka nisalimie ukuta?"

Hoza alikuwa hajarudi tangu siku hiyo, wala salamu hazijaja.

"Sisi hapa hakuna aliyefika baharini," Salehe akasema. "Wewe binti umezaliwa nayo. Kesho asubuhi utatazama. Ikiwa ni bahari kweli, nitakwenda mwenyewe kwa wakubwa niwaombe waniachie huyu mmoja. Ikiwa siyo, ashuke."

Nilitegemea Mama Hoza atakataa. Alikubali haraka kuliko nilivyopenda, maana hakuwa na wasiwasi wowote.

Ukingoni

Nilipoamka wote walikuwa nje wananingoja, Naomi amejifunika blanketi, Salehe ameshika kofia yake mkononi. Mama Hoza alikuwa amevaa khanga safi. Tukapita nyuma ya nyumba mpaka kilima kinapoishia.

Moyo wangu uliruka. Mbele kulikuwa na buluu, pana, imenyooka, inakwenda mpaka inapokutana na mbingu, na upande ulikuwa ndio wenyewe, upande wa kwetu. Nilisema moyoni, nyumbani. Kisha nikaona moshi. Ulikuwa unapanda taratibu kutoka katikati ya ile buluu, na kando yake ukapanda mwingine. Kuna mtu kule alikuwa anachoma shamba. Ilikuwa nyika ya Umba, na umbali ndio ulioipa rangi.

Sijui kama mmewahi kusimama mahali ambapo jibu lolote ni baya. Nikisema ndiyo, mama huyu atabaki kilimani peke yake mpaka ukuta mwingine umwangukie, na mimi nitakuwa nimerudi kula wali wa nazi. Nikisema hapana, namnyang'anya mtoto wake asubuhi na mapema, nikiwa bado nina kuku wake tumboni. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimevunjika moyo, nilitamani kukaa chini nilie. Naomi alikuwa amekwisha kuuona uso wangu, akainamisha kichwa.

"Bibi, pale ni nyika," nikasema. "Bahari iko upande huo huo, nyuma yake. Lakini kutoka hapa haionekani."

Salehe akaigeuza kofia yake mikononi. Sikuona furaha kwake. Mama Hoza alitazama buluu yake, akauliza ule moshi ni wa meli au ni wa nini. Nikamwambia ni wa mashamba. Akasema Hoza alisema ni pale. Nikamwambia huenda alikuwa anamwonyesha upande tu. Akaniacha, akaingia ndani kukoka moto, tukasikia anavunja kuni. Alipotoka alikuwa na birika la chai na swali moja: ni mwendo gani kufika. Nikamwambia ni basi mpaka Mombo, kisha treni, kama siku moja.

"Basi nipeleke nikaione," akasema. "Nikishaiona, nitamjibu Salehe mimi mwenyewe."

Mombo hadi Muheza

Saba Saba iliangukia Jumatatu, kwa hiyo kuanzia Jumamosi iliyofuata tulikuwa na siku tatu. Naomi alikuwa na kwaya ya sikukuu, hakuweza kuja. Tulipanga nimpeleke bibi mpaka Muheza, tulale kwa binamu yake Naomi aitwaye Salome aliyeolewa pale, asubuhi nimwonyeshe bahari Tanga, kisha nimrudishe kwa Salome, naye amfikishe Mlola. Ambalo Naomi hakulijua ni kwamba nilikuwa nimefunga nguo zangu zote. Kutoka Tanga kuna basi la Mombasa. Nikishamkabidhi bibi kwa mtu wa basi la Muheza, mimi nakwenda zangu, na chuo kitajua chenyewe.

Mama Hoza hakuwahi kuvuka Soni, mji mdogo ulio njiani kushuka. Barabara ya kushukia Mombo inajikunja ukingoni mwa mto, kila kona unadhani ni ya mwisho. Alifumba macho tangu kona ya kwanza na kusali Kishambaa. Nilidhani ataomba turudi, lakini tulipofika chini alifumbua macho, akavua sweta, akauliza nani amewasha moto huu. Lilikuwa joto la kawaida la Mombo. Mimi nililivuta kifuani kama hewa ya nyumbani, yeye alikuwa anajipepea kwa khanga.

Treni ilichelewa, halafu ilipokuja ikaenda kwa kusimama. Tulisimama Korogwe bila maelezo, tukasimama katikati ya mkonge bila hata stesheni. Nilikuwa nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, nakaa tena. Mama Hoza aliniambia nitapasua kiti. Yeye alikuwa na kazi yake. Tangu tuingie behewani alikuwa anawasalimia watu, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu ule ule wa milimani, za nyumbani, za mgonjwa, za shamba. Mtu wa tatu alidhani anadaiwa. Mwanamke mmoja alidhani ni shangazi yake aliyemsahau, akaanza kuomba radhi. Lakini alipofika mwisho wa behewa watu walikuwa wanasalimiana wenyewe kwa wenyewe, na mzee mmoja wa Kibondei alitupa ndizi mbivu. Na kila aliyemsalimia alimwuliza kama anamjua Hoza, baharia, mrefu, mwenye kovu kwenye nyusi. Hakuna aliyemjua.

Muheza tuliingia jua likiwa limelala. Kwenye madirisha walikuja wauza machungwa na mafungu ya iliki na mdalasini, na Salome alikuwa stesheni tangu mchana na mtoto mgongoni. Alitupikia samaki wa nazi. Enyi Zuhura na Mwanaisha, nilipoweka tonge la kwanza mdomoni machozi yalinitoka mbele ya watu. Mama Hoza alionja, akasema mchuzi umechanganywa na maziwa, akaomba chumvi na kipande cha ugali.

Tanga

Asubuhi tuliingia Tanga na basi la mapema. Nilimpitisha mitaani kwa haraka, yeye anasimama kusalimia, mimi namvuta. Niliisikia harufu kabla ya kuona kitu. Barabara ikateremka kidogo, tukatokea penye ukuta mfupi wa mawe, na hapo ilikuwepo bahari, imejaa, kijani kwa karibu, buluu kwa mbali, inang'aa mpaka inauma macho. Nilivua viatu vyangu vibovu nikaingia mpaka magotini nikasimama hapo nikicheka peke yangu. Miezi yote ile kifua changu kilikuwa kimebana, kikaachia.

Nilipokumbuka kugeuka, Mama Hoza alikuwa bado kwenye ukuta, mikono imeshika kikapu. Nikarudi kwake. Nilitaka kujua anaionaje. Akasema ni maji mengi. Akauliza kama yana mwisho, nikamwambia mwisho wake ni nchi za watu wengine. Akauliza kama Hoza yuko katika nchi hizo au yuko juu ya maji, nikamwambia sijui. Meli moja ilikuwa imetia nanga mbali, akaitazama mpaka akaridhika kwamba haiji.

Halafu akaipa bahari mgongo. Hilo sikulitegemea. Alisimama akitazama tulikotoka, juu ya mapaa ya mabati na minazi, mkono umekinga jua.

"Na kwetu ni wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha upande. Siku hiyo kulikuwa na ukungu wa joto, mbingu nyeupe mpaka chini. Nilimweleza kwamba milima iko kule, nyuma kabisa.

"Siioni."

"Kutoka hapa haionekani, bibi."

Akakaa juu ya ukuta. Nilimmenyea chungwa akalishika tu mkononi.

"Basi na yeye hanioni," akasema.

Nilikaa karibu naye. Maji yalianza kutoka polepole, na watoto wakashuka na ndoo kuokota kome. Alikula chungwa kipande kimoja kimoja, akatema mbegu kiganjani, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akaniuliza swali jingine, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya kesho.

"Akirudi, atashukia wapi?"

"Nani, Hoza? Akija kwa treni atashuka Mombo. Apande basi la Lushoto, halafu basi la Mlola."

"Lile la barabara ya zahanati?"

"Ndiyo, hilo hilo."

"Halafu apande kilima ndipo anikute." Alitikisa kichwa. "Na majirani wa kumwambia nilipo wote wameshuka. Mwambie Salehe alete lori."

Nilimwambia nitamwambia. Ndipo nikakumbuka kwamba kikapu changu kilikuwa na nguo zangu zote, na basi la Mombasa linaondoka adhuhuri, na nimekwisha kusema nitamwambia Salehe. Salome angeweza kumwambia. Bibi mwenyewe angeweza kumwambia, ana mdomo. Lakini alikuwa amekwisha kunishika mkono na kuanza kupanda barabara, anasalimia watu, na mimi nikaona aibu kuutoa mkono wangu. Nilikasirika njia nzima mpaka Muheza, nikijiuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Mlola tena

Siku ya Saba Saba nilimfikisha bibi nikampa Salehe ujumbe wake, na lori likaja Jumatano kama alivyosema. Mimi nilikuwa darasani, nilisimuliwa na Naomi. Mama Hoza hakulia walipong'oa mabati. Alichogombea ni mlango. Kiwanja alichopewa kilielekea shule, na nyumba zote za mstari ule milango yake inatazama shule, kwa mpango wa wakubwa. Yeye akasema wake utatazama barabara, la sivyo atalala ndani ya lori. Salehe alizunguka, akaenda, akarudi, mwisho akashika nguzo ya mlango mwenyewe akaichimbia upande alioutaka bibi.

Nilimaliza muhula. Msiniulize nilivyofaulu, nilifaulu. Jumamosi zilizobaki niliendelea kuzunguka, nikaenda Soni, nikaenda hata Shume tena kumsalimia mama yule wa ukungu, lakini sikuitafuta tena bahari. Miguu ilikuwa inawasha kama zamani, ila nilikuwa najua ninakokwenda.

Wiki ya mwisho nilikwenda Mlola kumuaga Mama Hoza. Basi liliposimama mbele ya zahanati, niliona mlango wake unafunguka kabla sijanyanyuka kitini. Alitoka anajifunga khanga, akaja mpaka barabarani haraka haraka, na aliponiona nashuka akanyosha mikono miwili. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaanza kuniuliza za Naomi, za chuo, za baridi, zote kwa utaratibu wake, hakuruka hata moja. Lakini macho yake hayakuwa kwangu. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kwenye mlango wa basi, mpaka kondakta alipoufunga na basi likaondoka.